Fungu la Mama Paluku

"Balikula uzazi yangu! Muniangalie, batu balikula uzazi yangu!"

Sauti hiyo ilipasua ua wa depo ya kahawa ya Mzee Maliro, mjini Butembo, Jumanne asubuhi. Wanawake waliokuwa wakichambua kahawa kwenye mikeka waliacha mikono hewani. Aliyepiga kelele alikuwa mwenzao Germaine, aliyejifungua Ijumaa usiku, na mtoto wake alikuwa amelala kifuani bila habari ya dunia. Mbele yake lilisimama lori la Idi, limetoka Beni saa hiyo hiyo. Lilikuwa na chumvi, mafuta ya mawese na makala, yaani mkaa. Fungu la Germaine halikuwemo.

Mtu mmoja alikuwa amelisubiri lori hilo kwa sababu nyingine kabisa. Urbain, afisa wa upelelezi, au OPJ kama watu wanavyosema, alikuja kuchukua gunia lake la makala. Mke wake Hulda naye alikuwa amejifungua wiki ile ile, na mzazi bila maji ya moto ni vita ndani ya nyumba. Mwaka huo wa 2001 vita vya nje vilitosha. Urbain alikuwa mtu wa Kasai, serikali ilimtuma Butembo, kisha uasi ukaikata nchi vipande na mshahara wake ukabaki upande wa pili. Alipoomba siku za kukaa na mzazi, mkubwa wake alicheka mpaka akashika mbavu: "Kamata wiki nzima, Urbain. Nitakukata mshahara gani?"

Basi alikuwa likizoni. Lakini upelelezi ni kama upele, mwenye nao hajizuii kujikuna.

"Mama, nani alikula uzazi yako?" akauliza.

Hapo ndipo alipoelezwa. Ofisi ya serikali ya kutunza wazazi na wasio na kazi ilikuwa imefungwa tangu uasi uanze. Mzee Maliro, tajiri mwenye moyo, akaweka desturi yake mwenyewe: mfanyakazi wake akizaa, anapewa fungu. Gunia la maharage, sabuni, mafuta, kitenge na mbuzi mmoja. Na anakaa nyumbani mpaka mtoto ajue kukaa bila kushikwa. Anayeachishwa kazi naye ana fungu lake, dogo kidogo, la kumvusha. Vitu vilikaa depo ya Beni, vinakoingia kutoka mpakani, na habari ilipelekwa kwa fonie, ile redio ya kupigiana kelele, kila asubuhi saa nne.

"Sasa banasema nilishachukua!" Germaine alilia. "Mimi! Jumamosi nilikuwa nalala na huyu Paluku wangu, mutoto wangu wa kwanza, hata mulango sikuona! Bwana yangu Amani ni mwalimu kule Alimbongo, hapana lipwa tangu vita ianze. Nikikosa ile fungu, nitakula nini?"

Gerani, yaani msimamizi wa depo ya Butembo, Eliezer, alitoka ofisini akijifuta jasho. Alikuwa Munande, mtu wa kabila la mji huo, shemasi wa kanisa, mtu wa suruali yenye mkunjo.

"Bwana OPJ, hata mimi naumia," alisema. "Fonie nilipiga mimi mwenyewe, Jumamosi. Nilisema: Germaine amezaa mutoto mwanaume, mumutumie fungu kwa camion ya Idi. Jana Beni banasema mwenyewe alienda kuchukua. Donc, nifanye nini? Mutoto moja, fungu moja. Jumatatu kengele ikilia, Germaine akae kwa mukeka, ama natafuta mwingine."

"Mtoto wa siku nne kwenye vumbi hili la kahawa?"

"Sheria si yangu."

"Nani alisikia fonie?"

"Fonie ni ya batu bote! Basoda ya barrière kule barabarani banasikiliza, bachuuzi banasikiliza." Eliezer akashusha sauti. "Lakini Idi alikuwa Beni Jumamosi. Na bibi yake Hadjara iko na mutoto muchanga. Mimi sisemi kitu. Nasema tu."

Idi, juu ya lori, aliyasikia yote. "Weee Eliezer! Ulimi yako itakuuza!" akafoka. "Chef, panda! Kesho narudia Beni. Uone mutoto yangu na macho yako, na ukimaliza kuona, Hadjara akupatie chakula, maana wewe pia umekonda."

Urbain alimtazama Germaine. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya kofia ndogo ya Paluku, naye anayafuta kwa kidole kana kwamba ni kosa lake. Urbain alifikiria mtoto wake mwenyewe.

"Mama Paluku," alisema, "Jumatatu haitakukuta kwenye mkeka."

Maneno yalimtoka kabla ya kuyapima. Njiani kuelekea nyumbani, gunia la makala begani, alijiita mpumbavu mara nyingi.

Hulda hakumlaumu. "Nenda," alisema, akimnyonyesha mtoto. "Ungebaki ungenikalia tu hapa na kuunguza uji."

Barabara ya Beni ilikuwa mashimo yenye majina. Idi aliyajua yote, akayatukana moja moja kwa heshima. Walifika Jumatano alasiri, mifupa imebadilishana nafasi. Hadjara, mwanamke mnene mwenye kicheko, alimweka Urbain mbele ya sahani ya wali kabla hajajitambulisha.

"Nasikia unatafuta mutoto wa kuiba," alisema. "Angalia wa kwangu."

Alifunua kitambaa. Mtoto alikuwa msichana, masikio yametobolewa, ana hereni za uzi. Germaine alizaa mvulana, na fonie ilisema mvulana. Yule wa uongo asingeweza kuonyesha binti. Urbain akala wali wake kwa aibu, na Idi akahakikisha anakula aibu yote na sahani ya pili.

Depo ya Beni ilishikwa na Valentin, kijana wa Bandundu, bado bachela, mwenye Kiswahili kilichochovywa katika Kilingala. Alipoona kadi ya OPJ aliruka kusimama.

"Nzambe! Chef, mimi nilifanya vile fonie ilisema."

"Fonie ilisema nini? Neno kwa neno."

"'Germaine wa Butembo amezaa mutoto mwanaume. Mumupatie fungu yake.'"

"Mumupatie, au mumutumie kwa camion ya Idi?"

"Mumupatie! Idi hakutajwa. Ingekuwa kutuma, ningetuma."

Neno moja, watu wawili: mmoja wao alikuwa anadanganya. Na Valentin ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo.

"Huyo mwanamke alifika saa ngapi?"

"Alikuwa pale tayari, kwa ile benchi. Fonie ikamaliza kusema, akasimama: 'Germaine njo mimi, mimi mwenyewe.' Nikasema, kweli Mungu anapenda bazazi, habari na mwenyewe bamefika pamoja!"

"Hukushangaa?"

"Nilifurahi, chef. Mutoto alikuwa muzuri sana. Nilimufanyia hivi na midomo," Valentin akapuliza mashavu, "akanichekea! Cheko kubwa, bila meno. Nikauliza jina. Mama akasema Kasereka. Nikasema, jina tamu. Nikamuchagulia mbuzi munene kuliko bote."

"Uso wa mama?"

"Alikuwa amejifunika kitenge mpaka hapa. Macho ilikuwa mekundu. Nilifikiri ni furaha."

Urbain alilala Beni na kurudi Alhamisi akiwa hana mshukiwa zaidi ya Valentin, na Valentin alikuwa na uso wa mtu asiyeweza kumuibia hata kuku. Kitu kimoja tu kilimkaa mdomoni safari nzima: lile jina. Kasereka. Lilikuwa na mdundo. Kwao Kasai baba ndiye anayetafuta jina, na mtoto wake alikuwa bado anaitwa "wewe".

Aliingia nyumbani, akanawa mikono, akambeba mwanawe, akatangaza kama mtu anayesoma hukumu:

"Nimepata jina. Huyu ataitwa Kasereka."

Hulda aliweka kikombe cha uji chini.

"Nini?"

"Kasereka. Sikiliza linavyoimba."

"Ee Nyamuhanga! Muniokoe!" Hulda alipiga makofi. "Kasereka wapi? Kambale iko wapi? Unazika mutoto mwenye hajazaliwa?"

"Kambale ni nani tena?"

"Njo huyu! Urbain, miaka ine unakaa na sisi, unakula sombe yetu, unalala na mimi, na hujui kuhesabu batoto? Kijana wa kwanza ni Paluku. Wa pili Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa ine Kakule. Hapana chagua! Mutoto anakuya na jina yake, sawa vile anakuya na pua."

"Lakini mkubwa wetu ni Grady."

"Grady ni kwako na kwa padri. Mama yangu anamuita nani?"

Mama mkwe alimwita Grady Paluku tangu siku ya kwanza. Miaka yote alidhani ni jina la babu fulani, akaona haya kuuliza.

Hulda alikuwa anacheka sasa, mkono kwenye tumbo lililokuwa bado linauma. "Kasereka! Batu bote ba mutaa bangesema nimeficha kijana mwingine kwa bwana mwingine!"

Urbain hakucheka. Alisimama katikati ya chumba, mtoto mkononi, mdomo wazi.

"Hulda. Mwanamke anaweza kumwita Kasereka wake kwa jina lingine? Hata kwa kudanganya?"

"Mama Munande? Akiwa na Paluku na Kambale nyumbani, bazima? Hawezi. Ulimi itakataa. Ni kusema bale bengine hawako."

"Basi mwanamke wa Beni ana wavulana watatu."

"Mwanamke gani?" Hulda akataka kuelezwa, naye akamweleza yote, benchi, fonie, cheko. Alipofika kwenye cheko, Hulda alimkatiza.

"Mutoto wa jana alicheka? Urbain! Huyu wako ameshakuchekea?"

Wote wawili walimtazama Kambale. Kambale alikunja uso kama mzee aliyepewa chai bila sukari.

"Mutoto anacheka akifika miezi miwili, mitatu," alisema Hulda. "Na mwanamke mwenye kuzaa Ijumaa usiku, Jumamosi saa ine yuko Beni, kwa ile mashimo? Wanaume! Munafikiri tunazaa namna kuku inataga?"

Urbain alimbusu mkewe kwenye paji la uso, akambusu Kambale, akataka kumbusu na mama mkwe aliyekuwa anaingia na kuni, lakini huyo alirudi nyuma haraka.

Aliyekaa kwenye benchi kabla ya fonie kusema aliijua desturi ya depo. Ijumaa asubuhi alibisha kwa Germaine na swali moja tu: nani, kati ya waliopata kufanya kazi depo, ana wavulana watatu, na wa mwisho wa miezi mitatu hivi?

Germaine alihesabu kwa vidole. "Kasika," alisema mwishowe, polepole. "Tulikuwa mukeka moja. Lakini, Papa OPJ, Kasika hawezi. Tulikuwa tunakula bugali sahani moja."

Kasika aliishi mwisho wa mtaa, nyumba ya udongo yenye paa la majani. Alipomwona Urbain mlangoni hakukimbia. Mtoto aliyekuwa mapajani pake aligeuka, akamwona mgeni, akacheka cheko kubwa bila meno.

"Habari, Kasereka," alisema Urbain.

Kasika alilia kabla ya kusema. "Eliezer alinifukuza tumbo ilipoanza kuonekana. Alisema depo si maternité ya kuzalia batoto. Fungu ya kukosa kazi sikuona. Fungu ya uzazi sikuona. Mzee Maliro aliambiwa nilienda kwetu Kirumba na vitu vyangu vyote nilishapokea. Wiki iliyopita Eliezer akakuya: 'Unataka haki yako? Kaa Beni kwa benchi ya depo kila asubuhi. Fonie ikitaja mwanamke, simama, sema ni wewe.' Sikujua itakuwa Germaine! Niliposikia jina yake, nilitaka kukimbia. Lakini batoto walikuwa wanalala njaa. Niliporudi, yeye alichukua vyote. Mimi aliniachia sabuni mbili."

"Kwa nini hukusema mtoto anaitwa Paluku? Ungefanikiwa."

Alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hakutembea kwa kichwa. "Paluku ni huyu," alisema, akionyesha kijana aliyekuwa anakwangua sufuria uani. "Yuko muzima."

Sasa Urbain aliujua ukweli, lakini kuujua si kuuonyesha. Ni neno la mwanamke aliyefukuzwa dhidi ya neno la shemasi. Na Jumatatu ilikuwa inakuja.

Usiku huo alikuwa anambembeleza Kambale, akimwita kwa majina yote ili kumchokoza Hulda: "Lala, Kakule. Lala, Katembo." Kila mara Hulda, na usingizi wake wote, alijibu kutoka kitandani: "Kambale!" Alishindwa kunyamaza. Hata nusu usingizini, alishindwa.

Urbain akaacha kubembeleza. Akatabasamu gizani.

Jumamosi Mzee Maliro alirudi kutoka safari zake za kununua kahawa, akakaa ofisini kwake, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Urbain alikuwa amemwomba akusanye watu: Germaine na Paluku, Idi, Valentin aliyeletwa kutoka Beni akiwa amekonda kwa hofu, na Eliezer. Wachambuzi walijisogeza madirishani.

Urbain aliingia wa mwisho, amembeba mtoto kwa kitenge. Dirisha lote likaangua kicheko. Mwanaume na kitenge cha mtoto! Yeye hakujali.

"Mzee, nitakuwa mfupi," alianza. "Valentin, ndiye huyu uliyemwona Beni?"

Valentin alipuliza mashavu. Mtoto akacheka kwa sauti. "Ni yeye! Nzambe, ni yeye!"

"Nimempata Beni. Mama yake hajulikani," alisema Urbain, na Mungu amsamehe uongo huo. "Mwanamke alikuwa amejifunika, hakuna aliyemwona uso. Gerani, wewe unamjua mtoto huyu?"

"Hapana, bwana OPJ," Eliezer alisema. "Sijamuona hata siku moja. Wala mama yake sijui ni nani."

"Ulimwambia Valentin atume fungu au ampe mtu?"

"Atume! Nilisema atume!"

"Uongo!" Valentin alilia. "Ulisema mumupatie!"

"Tulieni, mnamwogofya mtoto." Mtoto hakuwa ameogopa kitu, ila Urbain alianza kumpigapiga mgongoni na kuzunguka naye chumbani. "Nyamaza, Kambale. Nyamaza, baba. Kambale mzuri. Valentin, si ulisema mama alimwita Kambale?"

Valentin alikunja uso, lakini Urbain hakumpa nafasi. "Ndiyo, Kambale. Mzee, huyu Kambale atahitaji maziwa. Kambale huyu..."

Eliezer alikuwa anajikuna shingo. Alikohoa. Aligeuza macho ukutani. Kila "Kambale" ilipotajwa alitikisika kama aliyekanyagwa kidole.

"...nitampeleka kwa masista wamlee Kambale wetu, na kwa ubatizo wamwandike Kambale..."

"Hapana Kambale, mais!" Eliezer alilipuka. "Ni Kasereka! Kasereka! Munaharibu mutoto na jina ya mukubwa wake!"

Vichwa vyote madirishani vikamgeukia.

Mzee Maliro ndiye aliyevua kofia yake kwanza, polepole. Yeye pia alikuwa Munande, na hakuhitaji kufafanuliwa.

"Eliezer, mwana wa kwetu," alisema. "Mutoto bila mama hana namba. Wewe hujui mama yake, hujamuona mutoto hata siku moja. Ule wa tatu, wewe ulimuhesabu wapi?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Kasika akaingia na vijana wake wawili, Paluku na Kambale, na kumpokea mdogo wao. Eliezer akakaa chini kwenye gunia.

"Ni mahari," alisema, sauti imekwisha. "Kijana wangu anataka kuoa. Ukoo wa binti wanataka mbuzi kumi na mbili, hawapunguzi hata sikio. Nilifikiri: mwanamke akifukuzwa na tumbo, nani ataniuliza? Nikachukua fungu za bale niliofukuza. Zikaisha. Nikapungukiwa mbuzi moja tu."

"Mbuzi wangu!" Germaine alisema.

"Iko kwangu, uani. Munene sana."

"Nilimuchagua mimi," alisema Valentin, na machozi ya furaha yakamtoka.

Wachambuzi madirishani walipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Kasika alisimama mbele ya Germaine, kichwa chini. Germaine akamwekea Paluku mikononi, akamchukua Kasereka, akamnusa shingoni.

"Huyu mukora," alisema. "Anacheka ovyo kwa bageni." Wote wawili wakacheka wakilia.

Mzee Maliro hakumpeleka Eliezer kwa askari. Wakati ule mtu aliyepelekwa kwa askari wa uasi hakurudi mzima, na mzee alijua. Alitoa hukumu yake pale pale: mbuzi wote warudi kwa wenyewe, Kasika apate mafungu yake mawili na kazi yake pia. "Na wewe, Eliezer, utakaa kwa mukeka ya Germaine. Utachambua kahawa mahali pake. Siku Paluku atajua kukaa bila kushikwa, siku ile utainuka."

Jumatatu asubuhi kengele ya depo, ringi kuukuu ya lori, iligongwa kama kawaida. Urbain alikuwa anapita na Kambale kifuani, siku ya mwisho ya likizo yake isiyo na mshahara. Mbuzi mnene alifungwa mbele ya nyumba ya Germaine. Germaine alichungulia mlangoni kwa mazoea, akaisikiliza kengele mpaka ikaisha, kisha akacheka peke yake na kurudi kitandani kwa mwanawe.

Ndani ya ua, Eliezer alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, suruali yake yenye mkunjo imejaa vumbi, wanawake wamemzunguka. "Ile mbovu, papa gerani, toa! Ile nayo!" Alipomwona Urbain langoni aliinua macho yaliyochoka.

"Bwana OPJ, unatoka kwa Germaine? Paluku hajakaa bado?"

"Ana siku kumi, Eliezer."

"Mais kidogo tu? Hata kujaribu?"

"Bado!" wanawake wote wakaitika kwa pamoja, na mkeka mzima ukaanza kuimba.